Mwenye tatizo la tezi ya shingo: mambo ya kuzingatia kabla ya kubadili njia ya uzazi wa mpango au kubeba mimba

Ikiwa unameza levothairoksini (kidonge cha homoni ya tezi) kwa sababu tezi ya shingo imelegea, yaani inatoa homoni pungufu, au ilitolewa kwa goita, andika mambo mawili kwenye daftari lako la matibabu kabla ya yote: maikrogramu unazomeza kila siku, na jibu la mwisho la TSH (kipimo cha damu ambacho hupanda homoni ya tezi ikipungua) pamoja na tarehe yake. Kituo cha afya kidogo kwa kawaida hakipimi TSH, wala kipimo hicho hakimo kwenye vipimo vya kawaida vya wajawazito, kwa hiyo tenga mapema nauli na pesa ya maabara.

Sindano ya miezi mitatu, inayotumiwa sana Uganda, haina estrojeni, vipandikizi vilevile. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Hizo haziisumbui tezi kwa kiasi cha kutia hofu. Vidonge vyenye estrojeni ndivyo vya kuangaliwa. Estrojeni hulifanya ini litengeneze kwa wingi protini inayobeba homoni ya tezi kwenye damu, na homoni iliyobebwa haifanyi kazi. Tezi yenye afya huongeza uzalishaji. Wewe unategemea kidonge cha levothairoksini, huna pa kuongezea. Rudia TSH wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza vidonge hivyo, na tena ukiviacha. Ukipimwa T4, yaani homoni ya tezi yenyewe, omba T4 huru, ile isiyobebwa na protini, maana T4 ya jumla hupanda na kumfanya mtu aliyepungukiwa aonekane mzima.

Mimba huleta hayo hayo kwa nguvu zaidi, na mapema, pengine kabla hujaanza kliniki. Mtoto hutegemea homoni ya mama mpaka tezi yake ikomae, karibu na wiki ya 18 hadi 20. Ndiyo maana TSH inafaa iwe chini ya 2.5 kabla hujashika mimba. Kubaliana na daktari mapema utafanya nini hedhi ikichelewa na kipimo kikionyesha mimba: mpango uliozoeleka ni vidonge 9 vya levothairoksini kwa wiki badala ya 7, yaani viwili siku ya Jumatano na viwili Jumapili. Kisha pima TSH kila wiki 4 hadi katikati ya ujauzito, na mara moja karibu na wiki ya 30.

Kinachoharibu mpango huu mara nyingi ni kidonge cha madini chuma kinachotolewa kliniki. Mama huvimeza vyote asubuhi pamoja na chai ya maziwa, chuma kinanasa levothairoksini tumboni, TSH inapanda, na dozi inaongezwa bure. Meza levothairoksini alfajiri kwa maji matupu, subiri nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai. Chuma na kalsiamu zimezwe baada ya muda wa saa nne kupita tangu levothairoksini. Baada ya chakula cha mchana panatosha. Usiache chuma, damu inakihitaji.

Anayetumia karbimazoli kwa tezi inayotoa homoni kupita kiasi asikate dawa mwenyewe. Amwone daktari kabla ya kutafuta mimba, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumletea mtoto ulemavu, hasa wiki ya 6 hadi 10 ya mimba. Aliyetibiwa kwa iodini ya mionzi asubiri angalau miezi 6 kabla ya kubeba mimba.

Ukijifungua, dozi hurudi ile ya kabla ya mimba, na TSH hupimwa wiki ya 6.