Saizi ya Matairi kwa Lori la Dabo: Pima Nafasi Kabla ya Kununua

Kwenye gari la matairi manne, ukifunga tairi pana kupita kiasi litakwaruza madigadi na utalisikia siku hiyohiyo. Dabo, yaani matairi mawili yaliyofungwa pamoja upande mmoja wa ekseli, haikupi taarifa. Matairi mawili ya upande mmoja yanagusana mbavu kule chini, mzigo ukiwa juu, mahali ambapo dereva haangalii. Yanasuguana, yanachemka, na siku moja la ndani linapasuka. Ndiyo maana kwa lori la dabo swali la kwanza ni nafasi iliyopo kati ya tairi na tairi. Kimo na muonekano vinasubiri.

Naongelea magari ya matairi sita: moja moja mbele, mawili mawili nyuma. Tafuta chaki, futi ya kupimia, kipande cha ubao kilichonyooka, kipimo cha kina cha kashata (yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara) na geji ya upepo.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha mlango

Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo. Utakuta saizi ya tairi ya kiwandani, saizi ya rimu, upepo wa mbele na wa nyuma, na uzito wa juu unaoruhusiwa kwa kila ekseli. Piga picha. Usinakili saizi kutoka kwenye matairi yaliyofungwa sasa, maana aliyekuwa na gari kabla yako huenda alishabadilisha kwa mawazo yake.

Tuchukue mfano wa LT235/80R17 120/117R. LT ni alama ya tairi la lori dogo. Upana ni milimita 235, kimo cha ubavu ni asilimia 80 ya upana huo, R ya katikati ni radiali (nyuzi za ndani zinapita moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu), 17 ni rimu kwa inchi. R ya mwisho ni kiwango cha mwendo, kilomita 170 kwa saa.

Hatua ya 2: Hesabu mzigo kwa namba ya pili

Zile namba 120/117 ndizo zinazowachanganya wengi. Ya kwanza ni uwezo wa tairi likifungwa peke yake: 120 ni kilo 1,400. Ya pili ni uwezo wake likiwa kwenye dabo: 117 ni kilo 1,285. Uwezo unapunguzwa kwa sababu matairi mawili hayagawani mzigo sawasawa muda wote; barabara ikiinama, moja linabeba zaidi.

Kwa hiyo nyuma tumia namba ya pili, mbele tumia ya kwanza. Tuseme ekseli ya nyuma inaruhusiwa kilo 4,400. Gawa kwa nne, kila tairi linahitaji kubeba kilo 1,100. Tairi la 115/112 lina kilo 1,120 kwenye dabo. Linapita, lakini limebakiza kilo 80 tu kwa ekseli nzima. Mimi nisingelinunua kwa gari linalobeba mzigo kila siku. La 117 linakupa 5,140 kwa yote manne.

Tairi lenye namba moja tu halijatajiwa mzigo wa dabo. Liache, hata kama bei ni nzuri. Na kumbuka uwezo huo unapatikana kwa upepo ulioandikwa ubavuni. Ukipunguza upepo, umepunguza na kilo. Rimu nayo ina mwisho wake wa mzigo na upepo, kwa hiyo tairi gumu zaidi haliliongezei gari uwezo.

Hatua ya 3: Pima nafasi ya pea (matairi mawili ya upande mmoja)

Hapa usiwe na haraka.

Kwanza tafuta umbali wa katikati ya tairi la nje hadi katikati ya la ndani. Ukijaribu kuotea katikati kwa macho utakosea. Njia rahisi: simama nyuma ya gari, pima kutoka ukingo wa kushoto wa kashata za tairi moja hadi ukingo wa kushoto wa kashata za lenzake. Matairi yakiwa ya aina moja, umbali huo ni sawa na wa katikati hadi katikati. Hauongezeki kwa kubadili tairi, kwa sababu unatokana na umbo la rimu.

Tuseme umepata milimita 275. Tairi la 235 linakuachia kama 40 kati ya mbavu. La 245 linakuachia 30. La 265 linakuachia 10, na hapo gari halijapakiwa. Likipakiwa, mbavu zinatutumka pale chini karibu na ardhi na hiyo 10 inakwisha.

Mtego mkubwa ni 265/70R17. Kipenyo chake ni milimita 803, cha 235/80R17 ni 808. Kwa macho ni tairi lilelile, linajaza madigadi vizuri na spidomita haisumbuki. Muuzaji atakwambia linaingia, na kwenye rimu moja moja pengine ni kweli. Kwenye dabo limekula milimita 30 za nafasi yako.

Kisha fungua katalogi ya mtengenezaji wa tairi, siyo ya gari. Kila saizi ya dabo imeandikiwa nafasi ndogo kabisa inayotakiwa kati ya katikati na katikati, pamoja na upana wa rimu unaokubalika. Umbali wako ukiwa chini ya hapo, saizi hiyo umeikosa. Angalia upana wa rimu pia: ukiongeza nusu inchi, tairi linapanuka kwa karibu milimita 5.

Kuna wanaoweka washa nene kati ya rimu mbili ili wapate nafasi. Sikushauri. Unapunguza nyuzi za studi (boliti za gurudumu) zinazoshikwa na nati, na tairi la nje linatoka nje ya madigadi. Ukitaka tairi pana, tafuta rimu zilizotengenezwa kwa nafasi hiyo.

Malizia kwa kuingiza mkono upande wa ndani: springi, mpira wa breki, chasisi. Mbele, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili.

Hatua ya 4: Linganisha kipenyo

Zidisha upana kwa asilimia ya ubavu, zidisha mara mbili, ongeza rimu (inchi moja ni milimita 25.4). Kutoka 215/85R16 kwenda 235/85R16, kipenyo kinatoka 772 hadi 806, yaani asilimia 4.4. Spidomita ikisoma 80 wewe uko karibu 83.5, na injini inavuta gia ndefu zaidi mlimani. Gari likiwa la foo-wili, mbele na nyuma lazima vipenyo vilingane, la sivyo unaiua gia ya kugawa nguvu.

Hatua ya 5: Hakikisha pea inalingana

Saizi iliyoandikwa haitoshi. Tairi jipya na lililokwisha nusu, hata kama yote ni 235/80R17, si pea. Kwa matairi ya ukubwa huu, tofauti ya kipenyo ndani ya pea isizidi milimita 6, na kina cha kashata kisipishane zaidi ya milimita 3. Hiyo 6 inaonekana ndogo, lakini kwenye mzingo ni karibu milimita 19, na tairi dogo linaburuzwa kama mita 7.5 kila kilomita, huku kubwa likibeba sehemu kubwa ya mzigo. Radiali usiichanganye kabisa na tairi la nailoni, lile la nyuzi za mshazari.

Jaza upepo sawa kwanza, weka ubao juu ya matairi yote mawili uone kama unalala. Yakiwa mapya, pima baada ya kukaa na upepo saa 24 kwa sababu yanatanuka kidogo. Ikibidi kutumia yenye tofauti ndogo, kubwa liende nje: barabara nyingi zimeinuka katikati, la ndani tayari linabeba zaidi.

Spea iwe saizi ileile. Spea ndogo kidogo inafaa mbele kwa muda, lakini kwenye pea inaharibu na lenzake.

Hatua ya 6: Funga na upime ukiwa na mzigo

Panga valvu ya ndani na ya nje zikae pande mbili zinazokabiliana za rimu, zisifuatane, ili geji ifike kote. Tairi la ndani ndilo linalosahaulika upepo.

Pakia gari mzigo wake wa kawaida, lipaki mahali tambarare, chuchumaa nyuma uangalie pale mbavu zinapotutumka. Chora chaki kwenye mbavu mbili zinazotazamana, tembea kilomita chache, rudi uangalie. Chaki ikifutika, matairi yanagusana: kwanza kagua upepo, na kama uko sawa, saizi hiyo irudishwe dukani kashata zikiwa bado mpya. Nati zikaze tena kwa kipimo cha kitabu cha gari baada ya kilomita 80 hadi 160.