Kumaliza mkopo wa nyumba mapema na maisha imepanda: venye tunafanya huku Nakuru

Kama uko na mkopo wa nyumba na unaona kila mwezi unalipa lakini deni halisongi, jua kwanza si wewe umekosea, hiyo ni hesabu ya riba na karibu sisi wote tulisaini bila kuisoma vizuri. Mimi na mzee wangu, yaani mume wangu, tulichukua wetu mwanzo wa 2019, nyumba iko Kiamunyi, wakati huo ile sheria ya 2016 ya kuzuia riba isipite kikomo ilikuwa bado inafanya kazi kwa hivyo tukapata 13%. Novemba hiyo ya 2019 sheria ikaondolewa. Nitaandika hapa vile tumepunguza miaka ya huu mkopo na bado watoto wanakula na wanaenda shule, manake najua wengi mnafikiri kumaliza mapema ni ya watu wenye mishahara mikubwa.

Shika hii hesabu kwanza. Chukua milioni 3, riba 13%, miaka 15. Kila mwezi unalipa kama 37,957. Mwezi wa kwanza riba pekee yake ni 32,500, kwa hivyo zile zimeingia kwa deni lenyewe, ile benki inaita prinsipali, ni 5,457 tu. Ukienda hivyo hadi mwisho utakuwa umelipa kama milioni 6.8 kwa nyumba uliyokopea milioni 3. Sasa ongeza 5,000 juu kila mwezi tangu mwanzo. Hiyo 5,000 haina riba ya kulipa, yote inaingia kwa deni, yaani ni kama umelipa karibu miezi miwili kwa mwezi mmoja. Mkopo unaisha kwa miezi 131 badala ya 180, miaka minne imeondoka, na umeokoa karibu milioni 1.2. Hata pesa ya mara moja inafanya kazi: 50,000 ikiingia mapema kabisa inafuta karibu malipo tisa ya mwisho. Lakini hiyo 50,000 ukiileta mwaka wa kumi na mbili haifanyi hivyo, kwa sababu riba ya kufuta imebaki kidogo. Ndio maana nasema pesa kidogo ya sasa ni kubwa kuliko pesa nyingi ya baadaye, na usingoje mpaka uwe na laki tano ndio uanze.

Kabla hujaongeza hata mia, lipa Fuliza na mikopo ya simu yote. Hizo ziko ghali kuliko mkopo wa nyumba mara nyingi sana, na hakuna maana uongeze 5,000 kwa benki tarehe 2 halafu tarehe 20 unakopa simu kununua gesi. Halafu weka pembeni malipo ya miezi miwili, sisi tumeweka money market, ile mifuko ya kuwekeza pesa, tunaweza kutoa siku mbili tatu, si kwa simu kwa sababu ya simu inaisha ukiangalia. Pesa ikishaingia kwa mkopo kuitoa ni shida, na mtoto akiugua usiku benki haitakurudishia.

Sasa hapa ndio tulipoteza mwaka mzima na naomba usome polepole. Tulianza kuongeza 4,000 kila mwezi, tunatuma kwa ile akaunti ya mkopo tukijua imeingia. Mwaka uliofuata nikaomba stetimenti yote, nikakaa mezani na kalamu ya kupaka njano na daftari ya mraba ya mtoto, nikapaka kila mahali tulipoongeza. Zote zilikuwa zimekaa tu kwa akaunti kama malipo ya mwezi ujao, benki ilikuwa inazikata polepole, deni halikuwa limeshuka hata shilingi moja zaidi ya ratiba. 48,000 imekaa bila kazi mwaka mzima. Nilienda pale kaunta nimekasirika mpaka mkono unatetemeka, ofisa akaniambia hatukuandika maagizo. Na ni kweli, hatukuandika.

Kwa hivyo andika. Imeli fupi kwa ofisa wako wa mikopo, na nakala ipelekwe kwa tawi, useme hivi: "Nitakuwa naongeza kiasi fulani kila mwezi. Tafadhali kiingizwe kwa prinsipali siku hiyo hiyo, na mpunguze muda wa mkopo, si malipo ya mwezi." Hiyo ya muda ni muhimu sana, manake benki nyingine ukiongeza pesa inapiga hesabu upya na kukupunguzia malipo ya kila mwezi, muda unabaki ule ule, na wewe unafurahi kumbe faida kubwa imekupita. Uliza pia mambo matatu kabla hujaanza: kuna ada ya kulipa mapema? Kiwango cha chini cha kuongeza ni ngapi, kwa sababu kuna wale hawakubali chini ya kiasi fulani? Na ukitaka kumaliza yote, notisi ni ya muda gani? Majibu yako kwa ile barua ya ofa uliyosaini, itafute kwa kabati. Halafu baada ya mwezi wa kwanza omba stetimenti uhakikishe deni limeshuka vile unatarajia, usiamini mdomo.

Pesa ya kuongeza inatoka wapi na unga umepanda? Sisi ilitoka sehemu tatu na ya kwanza ilikuwa kwenye payslipu, mahali hata hatukuwa tunaangalia. Watu wanaangalia tu zile zinakatwa, levi ya nyumba 1.5%, SHIF ya bima ya afya 2.75%, NSSF inapanda kila mwaka, na ni kweli zinauma, mtu wa mshahara wa 110,000 levi na SHIF pekee ni 4,675. Lakini riba ya mkopo wa nyumba unayoishi mwenyewe inaondolewa kwenye mapato kabla PAYE, ile kodi ya mshahara, ihesabiwe. Zamani ilikuwa mpaka 300,000 kwa mwaka, tangu mwisho wa Desemba 2024 ni 360,000, yaani 30,000 kwa mwezi. Kama uko kwa ile daraja ya 30% na riba yako inafika hiyo 30,000, PAYE inapungua 9,000 kila mwezi. Elfu tisa! Uliza kwanza kama aliyekukopesha anakubalika na KRA, wale wa kodi, chukua cheti cha riba kutoka kwake, peleka kwa watu wa mishahara kazini, na ukichelewa idai wakati wa kufaili ritani kabla ya tarehe 30 Juni. Nimekutana na walimu na manesi hapa Nakuru wamelipa mkopo miaka minne bila kudai, na hiyo pesa ni yao. Ikirudi, isipite jikoni, iende moja kwa moja kwa deni.

Ya pili ni riba ikishuka. Mwaka wa 2024 tuliteseka, Benki Kuu ilikuwa imefikisha kiwango chake, kile benki zinafuata kupanga riba, 13% mwezi wa Februari na malipo yetu yakapita 42,000, nakumbuka tuliuza ng'ombe mmoja nyumbani kwa wazazi wa mzee ndio tusichelewe. Kuanzia Agosti mwaka huo kikaanza kushuka, Oktoba 2025 kikawa 9.25%. Benki haziharakishi kushusha vile zinaharakisha kupandisha, kwa hivyo usingoje meseji, andika barua uulize riba yako ya leo ni ngapi na inahesabiwa vipi. Yetu iliposhuka benki ikatuambia sasa mtalipa kidogo. Tukakataa. Tulishazoea ile kubwa, bajeti ilishajipanga, tukaandika iendelee vile vile na tofauti iingie kwa prinsipali. Kukupa picha: milioni 3 kwa 16% ni 44,061 kwa mwezi kwa miaka 15. Riba ikishuka kuwa 13% na wewe uendelee na 44,061, unamaliza kwa miezi kama 124, miaka kumi na miezi minne. Hujaongeza shilingi hata moja kutoka mfukoni mwako.

Kama benki yako haitaki kushusha, angalia wale wanapata pesa kupitia KMRC, ile kampuni ya kufadhili mikopo ya nyumba, kuna benki na sacco, riba yao huwa haibadiliki na mara nyingi iko chini. Lakini piga hesabu ya kuhama. Stampu diuti ya charge mpya, yaani benki kuandikwa kwa taitoli yako, ni 0.1%, hiyo kwa milioni 3 ni 3,000 tu, kinachouma ni wakili na mthamini, wa huku na wa kule. Kama umebakisha miaka mitatu usijisumbue.

Ya tatu ni jikoni na barabarani, na hapa sitasema mle vibaya, naona watu wanaandika ati kata nyama kata chai, watoto si adui wa mkopo. Kata bei, si chakula. Sisi huku tuko karibu na shamba na hiyo ni baraka. Mahindi tunanunua Novemba na Desemba upande wa Rongai na Njoro wakati watu wanavuna, gunia mbili za kilo 90, tunaongeza kuanika kwa turubai siku kadhaa mpaka punje ukiuma inalia ka!, halafu tunaweka kwa ile mifuko ya plastiki ya tabaka tatu isiyoingiza hewa. Usiruke kuanika, mahindi yenye unyevu yanaota kuvu inayoleta sumukuvu na hiyo inaua. Tunasaga posho mill kidogo kidogo, kwa hivyo bei ya paketi ikipanda Mei na Juni sisi tunaiona tu kwa duka. Viazi tunachanga na majirani wawili, gunia linashuka kutoka Molo na lori tunagawana. Maharagwe naloweka usiku, nachemsha kilo mbili mara moja kwa jiko la makaa Jumamosi, nagawanya kwa vikopo kwa friji, gesi ya kilo 13 ikaanza kumaliza wiki mbili zaidi. Sukuma na managu ziko nyuma ya nyumba kwa magunia, Januari hadi Machi zinakauka kiasi lakini miezi mingine hatununui mboga.

Gari tuliliacha nyumbani siku nne kwa wiki tunapanda matatu kwenda tao, hiyo ilikuwa ngumu kwa mzee, lakini kila tarehe 14 EPRA wakitangaza bei ya mafuta sai hatushtuki sana.

Kosa la watu wengi ni hili, wanaokoa sokoni halafu ile pesa inabaki kwa simu na inaliwa na vitu vingine, mwisho wa mwezi hakuna. Weka standing oda, ile maagizo ya benki kutuma pesa yenyewe kila mwezi, itoke siku moja baada ya mshahara, hata kama ni 2,000, na kila mara umepata mahali pa kupunguza, pandisha hiyo oda siku hiyo hiyo. Sisi tulianza 4,000, sasa ni 11,500. Na zile pesa za msimu, dividendi za sacco zikitoka mwanzo wa mwaka, zamu ya chama, kwa wale wa Kericho na Nyamira bonasi ya majani chai, zigawe kabla hazijafika: sisi ni nusu kwa deni, nusu kwa karo. Usiweke zote, utachoka na utaacha.

Mwezi ukiwa mbaya, punguza oda, usiruke malipo yenyewe ya mkopo hata siku moja. Na ukiona huwezi hata hayo, nenda benki kabla hujachelewa uombe wapange upya, wakati jina lako bado ni safi kwa CRB, wale wanaweka rekodi za wakopaji, benki wanakusikiliza.

Tulikuwa tumalize 2034. Kwa stetimenti ya juzi ni 2029 mwanzo.

Jambo la mwisho ni la siku utakapomaliza. Kulipa senti ya mwisho hakuondoi jina la benki kwa taitoli yako. Omba barua ya kuthibitisha deni ni sifuri, halafu ile hati ya kufuta charge iliyosainiwa na benki, pamoja na taitoli yenyewe, zisajiliwe kwa ofisi ya ardhi. Kuna mama tunafanya naye kazi alimaliza, benki ikampa taitoli kwa bahasha akaiweka kwa sanduku, miaka miwili baadaye anataka kumgawia kijana wake sehemu, kufanya sachi, yaani kuangalia rejista ya ardhi, charge bado iko pale, hakuna aliyepeleka hati kusajiliwa. Alirudi benki ofisa aliyemhudumia ameshahamishwa, ikamchukua miezi kupata sahihi upya. Kwa hivyo wewe ukishasajili, ngoja kidogo, lipia sachi, usome ile sehemu ya mwisho inayoandikwa madeni na vizuizi. Iwe haina kitu.