Waridi la jangwani: kulitambua na kulikuza kwa mbegu

Miche mingi ya waridi la jangwani inayouzwa vitaluni imetokana na vipandikizi vya matawi. Itachanua, lakini lile shina nene la chini, ambalo ndilo uzuri wote wa mmea huu, aghalabu halijengeki vizuri. Ukilitaka, anza na mbegu.

Hakikisha kwanza mmea ni huo. Jina lake la kitaalamu ni Adenium obesum, na huota wenyewe nyikani Kenya na Tanzania. Shina limevimba tangu chini na halina miiba, majani yamekusanyika kwenye ncha za matawi, na ua lenye petali tano lina umbo la tarumbeta. Jamaa za mnyaa nazo zina mashina manene, ila ukizikwaruza hutoa utomvu mweupe mzito kama maziwa, na nyingi zina miiba. Utomvu wa Adenium ni sumu, iliyotumiwa hata kwenye mishale. Vaa glavu, na weka mmea mbali na watoto na mbuzi.

Matunda hutoka mawili mawili, marefu, yamechongoka. Yafunge uzi kabla hayajapasuka, maana kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo huibeba mara moja. Chagua zilizo ngumu ukizibonyeza. Bapa na nyepesi ni tupu. Panda mapema, kwani zikikaa sana hupoteza uhai.

Changanya mchanga mnene wa mtoni sehemu 2, mkaa uliopondwa sehemu 1 na mboji iliyochekechwa sehemu 1. Mchanga wa baharini una chumvi, usiutumie. Mwagia mchanganyiko maji yanayochemka, uache upoe. Tia kwenye trei yenye matundu, kina sentimita 8 hivi. Laza mbegu, usizisimamishe, zikiachana sentimita 3, na uzifunike kwa milimita 3 hadi 5 tu. Kisha weka trei ndani ya beseni la maji hadi unyevu ufike juu, na uitoe.

Kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30 mbegu mpya huchipua ndani ya wiki moja. Hapo ndipo miche mingi hufa. Shina likilegea usawa wa udongo na mche ukaanguka, ni kinyausi: kuvu inayopenda udongo uliolowa, msongamano na hewa iliyotuama. Ng'oa mche huo pamoja na udongo wake, ondoa kifuniko chochote, na usimwagilie tena hadi juu pakauke. Miche ikirefuka na kuwa myembamba, imekosa mwanga. Isogeze juani polepole, kwanza jua la asubuhi pekee.

Hamisha miche ikiwa na majani halisi 4 hadi 6, yaani yanayofuata yale mawili ya kwanza ya mbegu. Mzizi ukikatika, uache kivulini siku 3 hadi 5 ukauke kabla ya kupanda, la sivyo utaoza. Nyanda za juu, Juni hadi Agosti, majani yakipukutika kwa baridi usiongeze maji. Bonyeza shina: likiwa gumu, mmea umelala tu, likiwa laini, kata hadi ufikie nyama safi.