Kuchuma dawa na mti ubaki: ninavyofanya huku Matuga, pwani ya Kenya

Kwenye njia ya kisimani kwetu palikuwa na mjafari mmoja mkubwa. Nyanya yangu aliutumia kwa kifua na mafua ya kipupwe, nami nikaurithi. Sasa pana kisiki. Waliouua ni mimi na wenzangu ambao hata sikujua kama wapo. Kila mmoja alikuja kwa saa yake, akachubua kipande cha upana wa kiganja, akaenda zake akijiona mstaarabu. Mimi nilikuja mwisho wa vuli, nikachukua changu upande wa nyuma ambako niliona pazima. Sikuuzunguka mti kuutazama. Vidonda vyetu vilikuwa vimekutana.

Mti uliochubuliwa mzunguko mzima haufi siku hiyo, na hapo ndipo unapokudanganya. Maji hupanda kwa ndani ya mti, kwa hiyo majani hubaki mabichi. Lakini chakula kinachopikwa na majani hushuka mizizini kwa njia ya gome. Gome likikatika pande zote, mizizi inakaa na njaa mpaka inaisha, na siku majani yanapoanguka huna la kufanya tena.

Tangu hapo nina utaratibu wangu. Nauandika kwa sababu vijana wengi siku hizi wanarudi kwenye miti shamba, na wengi wao wanaanzia mahali pabaya, yaani kwa panga na gunia.

Anza na kilichozidi

Ukitaka kujifunza kuchuma, jifunzie kwa mwarobaini. Huu ni mti wa kutoka Bara Hindi, na hapa Pwani umepapenda kupita kiasi. Ndege na popo hula matunda yake na kudondosha mbegu kila mahali, mpaka kwenye kingo za misitu ya kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambako miche yake inasongana na miti ya asili. Basi hapo usiwe na huruma. Majani chuma, matawi kata, na miche iliyoota kando ya msitu ing'oe yote baada ya mvua, udongo ukiwa laini, ukiwa na ruhusa ya wenye mahali. Mimi huchemsha majani kuoshea upele na ukurutu. Huo ndio mti pekee ninaoweza kukuchumia kikapu kizima bila kuuliza unakitakia nini. Lakini mafuta yake usimnyweshe mtoto kamwe, ni sumu kwake, na mjamzito asiunywe mwarobaini kwa namna yoyote.

Halafu tazama uani kwako. Kivumbasi, mchaichai, mlonge na mshubiri vyote hukaa vizuri karibu na jiko. Mlonge ukatie kipande cha tawi kama mkono, ukichomeke ardhini mvua zikianza, na utashika. Mchaichai gawa shina lake. Kivumbasi kata ncha juu kidogo ya pale majani mawili yanapotokea, na patachipua matawi mawili badala ya moja. Ukikwanyua hovyo kwa mkono unachana shina. Mashina mawili matatu yaache yatoe maua, maana nyuki wanayapenda mno. Nimehesabu kwamba katika watu kumi wanaokuja kwangu, saba wanapata haja yao hapo uani, nami sijatia mguu mwituni.

Ujue mti kabla ya jina lake

Majina yanaponza. Chukua mbono. Kwa wengine mbono ni ule wa kuzungushia makaburi na boma, kwa wengine ni mbarika yenyewe, ile ya mafuta ya nyonyo. Mtu wa Tanga na mtu wa Kwale wanaweza kubishana mchana kutwa, na kila mmoja ana haki. Na mbegu za miti yote miwili ni sumu. Kwa hiyo nikiletewa dawa kwa jina tu, hata na mtu ninayemheshimu, naomba nipelekwe kwenye mti.

Mjafari nautambua hivi. Shina lake lina vinundu vya mti vigumu, kila kimoja na mwiba kileleni, kama matiti ya mbwa aliyezaa. Jani ni la vijani vingi vilivyopangana kwenye kikonyo kimoja, na kikonyo nacho kina vimiiba. Chukua kijani kimoja ukiinue kwenye jua, utaona vitone vinavyopitisha mwanga, kama vya jani la mlimau, kwa sababu ni ukoo mmoja. Kisha kisugue, unuse. Harufu ya ndimu ikikosekana, huo si mjafari, hata kama aliyekuonyesha ana mvi kichwa kizima.

Ukibaki na shaka, kata tawi dogo lenye maua au matunda, ulikaushe kati ya kurasa za magazeti chini ya kitu kizito, uandike mahali na tarehe. Nairobi, kwenye Makumbusho ya Kitaifa, ipo hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani kwenye milima ya Usambara mwaka 1902. Jina la kitaalamu likishapatikana, ubishi wa mbono umekwisha.

Jani, kisha gome, na mzizi mwisho kabisa

Kabla ya kukata lolote mwituni nahesabu. Nasimama penye mti na kutazama mpaka pale ambapo sauti yangu ingefika nikiita. Nikiona chini ya ishirini wa aina hiyo, sichukui. Nikiona ishirini wote wazee na hakuna mche hata mmoja chini yao, sichukui pia, kwa sababu hao ni ishirini leo tu. Nauzunguka mti mzima, nikitafuta kidonda cha mtu mwingine. Nikikikuta, nakirudisha kisu alani.

Swali la pili: jani halitoshi? Mara nyingi linatosha. Nyanya alikuwa akipenda gome la mjafari, lakini majani yake pia ni chai ya tangu zamani. Nachukua vikonyo viwili vya majani mabichi, naviweka kwenye kikombe, namimina maji yanayochemka, nafunika kwa kisahani dakika kumi. Kufunika ni muhimu, ile harufu ya ndimu ndiyo nusu ya kazi na huondoka na mvuke. Kipande cha tangawizi ukipenda. Tangu mti ule ufe sijampa mtu gome la mjafari kwa kifua, na hakuna aliyerudi kudai.

Kama ni gome na hakuna budi, tafuta kwanza tawi la kupogoa. Kata tawi zima karibu na shina, ulichubue nyumbani, utapata gome zaidi ya ulilotaka na shina halina kidonda. La shinani liwe kwenye mti mnene kuliko paja lako, kipande cha wima, kirefu lakini chembamba, vidole vitatu. Waganga wengi wa zamani walifundisha kuchubua upande wa mawio na upande wa machweo tu. Niliyachukulia hayo kama mambo ya mizimu mpaka nilipouona mjafari wetu umekufa. Mtu anayeshika mawio na machweo hawezi kuuzungusha mti, kusini na kaskazini kutabaki kuzima daima. Wazee walificha hesabu ndani ya mwiko.

Mzizi nauogopa. Ukilazimika, chimba upande mmoja tu, mbali na shina, uchukue mizizi ya pembeni ya unene wa kidole, uuache mzizi mkuu, kisha ufukie na kushindilia. Shimo lililoachwa wazi linamaliza kazi uliyoianza. Mnakumbuka mwaka 2011, watu walivyomiminika Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kwa kikombe cha Babu, yule mchungaji mzee aliyegawa dawa ya kunywa. Dawa ile ilitokana na mizizi ya mugariga, ambao kwetu huitwa mtandamboo. Hata huku, mamia ya kilomita kutoka Loliondo, niliwaona majirani wakichimba mitandamboo ya kando ya njia, na hakuna aliyefukia. Ndege na watoto waliokuwa wakila yale matunda meusi wakakosa.

Na msitu wa kaya hauhesabiwi kabisa, ni wa kuachwa. Kaya za Mijikenda ziliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, lakini zilikuwa na wenyewe karne nyingi kabla ya karatasi hiyo. Kaya Kinondo, kusini ya Diani, mgeni hufungwa kaniki kabla ya kuingia na hatoki na hata kijiti kikavu. Nenda kajifunze kwa macho, uwaulize wazee wa kaya, urudi mikono mitupu.

Kutopoteza, na kulipa

Zamani nilikuwa nachuma kwa akiba. Nusu ilioza au kuliwa na wadudu. Siku hizi nachuma mtu akishafika, na kinachobaki nakianika kivulini chini ya makuti, kwenye ungo, nikikigeuza asubuhi na jioni mpaka jani likivunjwa lilie. Kinaingia kwenye chupa kavu yenye tarehe. Kikimaliza mwaka kinaenda kwenye mbolea.

Homa sitibu kwa kubahatisha. Mtoto mwenye homa namtuma zahanati akapimwe malaria kwanza, chai itamsubiri. Mwenye dawa za presha, za sukari au za kila siku za hospitali simchanganyii mpaka amwulize daktari wake. Sioni aibu yoyote hapo.

Nyanya alikuwa akiacha sarafu chini ya mti na kusema maneno. Mimi nasema Bismillahi na sarafu siachi, shehe wetu hapendi, nami sijaona mti ukiitumia. Naacha maji. Mtungi mmoja wakati wa kiangazi, au karai la samadi mvua zikikaribia. Na wanaokuja kwangu nawalipisha miche. Mwenye nafuu anapanda mmoja kwake na kuniletea mwingine, ndani ya paketi ya maziwa iliyotobolewa chini.

Kijana mmoja alikuja na pikipiki kutoka Mombasa.

"Mama, nataka gunia la magome ya mjafari. Nitakulipa vizuri."

"Mwanangu, gunia moja ni miti mingapi?"

"Hayo ya kujua wewe."

Nilimpa miche miwili. Aliiangalia kama vile nimempa mtoto wa mtu, akaondoka nayo hata hivyo.

Miche ya mjafari ni migumu kuipata, msiniulize kwa nini ni michache. Katika mbegu thelathini nilizozisugua kwa mchanga na kuzipanda kabla ya mvua za mwaka, ziliota nne. Mmoja ukakanyagwa na mbuzi. Mitatu nikaihamishia njia ya kisimani, hatua kumi kutoka kisikini. Mwezi wa pili nikakuta mmoja umebaki vikonyo vitupu, umeliwa na viwavi wa wale vipepeo wakubwa weusi na manjano, ambao hula pia mlimau. Mkono ulikuwa umeshakwenda kuwaponda, nikausimamisha. Nao ni wateja wa mjafari, na walianza kabla ya nyanya. Vuli ilipofika mche ukatoa majani upya. Sasa unanifika kiunoni, na bado sijaukata hata jani.