Kabla ya kuingiza wanafunzi wa kayaki majini Raskazone: mambo ya kuzingatia

Anayefundisha kayaki ya baharini, ule mtumbwi mwembamba wa kupigwa kafi, hapa Tanga amebahatika kupata ghuba. Rasi ya Raskazone imeikinga upande mmoja, Kisiwa cha Toten kimekaa mbele ya mji, na asubuhi nyingi maji yametulia. Lakini bahati hiyohiyo huwapoteza walimu. Ukiwatoa watu na kuwarudisha salama mara nyingi, unaanza kuuona utulivu wa ghuba kuwa ni ufundi wako. Kwa hiyo maandalizi yangu yote huanzia kwenye swali moja: aliye dhaifu kuliko wote leo atarudi vipi?

Anza na mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa hupita mita 3, na maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi, saa ambayo wateja wengi hupenda kuanza. Mtaishia kuburuta kayaki kwenye tope na mawe, na miguu ya mtu ikutane na miiba myeusi ya viumbe wa mviringo wanaokaa mwambani. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, mkondo ni mdogo, na upepo wa mchana bado haujaamka. Somo la kwanza la mtu lipangwe siku hizo, hata kama yeye anataka Jumamosi hii. Waliokwisha kuzoea hawakatazwi bamvua, ila wajue kwamba maji hayapwi kwa mwendo mmoja. Katika saa 6 za kupwa, karibu nusu ya maji yote hutoka kwenye saa ya 3 na ya 4, nayo yanatoka kuelekea bahari kuu. Usipange kurudi wakati huo.

Upepo unahitaji maelezo marefu zaidi. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, huingia ghubani waziwazi. Mawimbi yake unayaona ukiwa bado mchangani, na anayechoka husukumwa kuelekea nchi kavu. Wageni huiogopa kwa sababu inaonekana. Mimi naiogopa zaidi kusi, hasa Juni hadi Agosti, kwa sababu hupita kwanza juu ya miti na nyumba za Raskazone ndipo ishuke majini. Karibu na ufuko maji yanakuwa laini kabisa, mwanafunzi anapiga kafi mara chache anajiona bingwa, kumbe upepo ndio unaomsukuma. Akigeuza kayaki kurudi, upepo wote uko usoni. Basi usiupime upepo hapo uliposimama. Tazama vilele vya miti nyuma yako, kisha tazama mbali: ukiona mapovu meupe nje ya sehemu iliyokingwa na rasi, somo la siku hiyo libaki pale ambapo mtu akipinduka anaweza kusimama.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usome usiku na uusome tena alfajiri. Kisha muulize mvuvi aliyetoka majini asubuhi hiyo, lakini uliza vizuri. Ukimuuliza bahari ikoje atakujibu shwari, na kweli kwake ni shwari. Muulize amerudi kwa tanga au kwa kasia, na kama amechelewa kuliko jana. Hapo utapata jibu linalokusaidia.

Ukija kwa watu wenyewe, neno “najua kuogelea” lisikutoshe. Kuna anayemaanisha kuvuka mto na kuna anayemaanisha kuchezea maji ya magotini. Mvalishe jaketi okozi, ingieni hadi kifuani, alale chali aelee kidogo, naye atazame mbingu badala ya kukutazama wewe. Anayeshindwa kuilegeza shingo yake hapo atakushika kwa nguvu akipinduka, kwa hiyo siku hiyo mweke karibu nawe. Kabla ya hapo shika jaketi mabegani ulivute juu: likifika masikioni, halijafungwa. Kina mama na kina dada wengi huja na mavazi mapana, na ni bora kuzungumza nao mapema, kwa simu, kuliko kumweka mtu kwenye aibu mbele ya wenzake. Suruali ya kubana chini ya gauni fupi na mtandio uliofungwa nyuma vinatosha. Kanga iliyoachwa wazi hujifunga miguuni mtu anapojaribu kupanda tena. Mwezi wa Ramadhani usiwaweke wenye kufunga juani kwa saa nyingi. Vitabu vingi vya kayaki vimeandikwa kwenye nchi za maji ya baridi, vinasisitiza nguo za joto. Hapa kinachowaangusha watu ni jua na kiu, na kila mmoja awe na maji yake yaliyofungwa kwenye kayaki yake.

Kupinduka kufundishwe kabla ya safari yoyote, na kila mtu afanye, asiishie kutazama. Kwa kayaki ya kukalia juu: igeuze, shika ukingo wa pili, piga miguu, lala kwa tumbo katikati, kisha zungusha makalio ukae. Wanaokosea huharakisha kuingiza miguu, wakaanguka tena. Kayaki ya kukaa ndani ni somo lingine. Mtu ajifunze kwanza kuinama mbele, kuvuta mkanda wa sketi ya kuzuia maji, yaani kitambaa kinachofunika tundu la kukalia, na kutoka, mwalimu akiwa amesimama kando yake.

Vifaa havina maneno mengi. Kamba ya kuvutia kayaki ya mwingine iwe kiunoni mwako, kafi la akiba liwepo, kila mtu awe na filimbi, na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji iwe mwilini, maana kayaki inaweza kwenda zake na kila kilichomo. Vizibo vya matundu ya kutolea maji kwenye kayaki vikague kwa kidole. Kayaki isiyo na kizibo haizami papo hapo; inakuwa nzito kidogo kidogo, na mwanafunzi anadhani amechoka. Kubalianeni ishara pia: kafi likisimamishwa wima, njooni kwangu, likilazwa juu ya kichwa, simameni.

Meli za bandarini haziwezi kukukwepa. Njia yao ivukeni kwa pamoja, kwa mkato wa moja kwa moja, au msiivuke. Wanafunzi karibu wote wataomba kwenda Toten kuona magofu. Kabla ya kuahidi, ulizia vibali, kwa kuwa maji haya yamo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (samaki adimu wa kale), iliyoanzishwa mwaka 2009. Mtu mmoja abaki nchi kavu akiwa na majina, njia na saa ya kurudi, na ajue ni saa ngapi aache kusubiri aanze kupiga simu, namba ya dharura 112 ikiwemo.

Daftari ni sehemu ya maandalizi ya somo lijalo. Andika ulichotarajia kwa upepo na maji, kisha kilichotokea. Siku iliyokwenda vizuri iandikie pia sababu, na kama sababu ni kwamba upepo ulichelewa kuamka, andika hivyohivyo.

La mwisho ni pesa, nalo limalizwe siku mteja anapoweka nafasi: upepo ukikataa, somo linahamishwa au pesa inarudishwa. Mkianza kujadili hilo mchangani, yeye amekwisha kuvaa jaketi na wewe pesa yake umekwisha kununulia mafuta, uamuzi wako juu ya bahari hautakuwa wa bahari tena.