Kitanda cha kichanga kando ya mama: pima chako kwanza

Kitanda cha kichanga cha kuegemezwa kando ya mama huchaguliwa kwa vipimo vya kitanda cha mama mwenyewe. Wengi huanza na rangi na magurudumu, halafu usiku wa kwanza nyumbani wanakuta kitanda kipya hakigusani na godoro lao, na katikati kuna mwanya unaoweza kumnasa mtoto kichwa au mkono. Kwa hiyo kabla hujaenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, au kwa seremala, chukua tepu ya kupimia.

Pima kutoka sakafuni hadi juu ya godoro lako, mtu mzima akiwa amelala juu yake, kwa sababu sponji hushuka kwa uzito. Tuseme umepata sentimita 55. Hicho ndicho kimo cha ukingo mfupi wa kitanda cha mtoto, ule unaotazamana nawe. Kiwango cha usalama cha Ulaya, EN 1130 cha mwaka 2019, kinataka ukingo huo uwe juu ya godoro la mtoto kwa angalau sentimita 12, ili asibiringike akaingia kitandani kwako, wala wewe usimlalie. Hivyo mtoto atalala kwenye kimo cha sentimita 43. Godoro lake likiwa na unene wa sentimita 6, mbao za chini zikae sentimita 37 kutoka sakafuni. Pande tatu zilizobaki zipande angalau sentimita 30 juu ya godoro lake. Mwandikie fundi namba hizi kwenye karatasi. Maelezo ya mdomo hupotea njiani.

Sasa angalia mbavu za kitanda chako. Vitanda vingi vya mbao vina mbavu nene zinazolizunguka godoro, na ubavu wa inchi 2 tu unatosha kukizuia kitanda cha mtoto kisiliguse. Usizibe mwanya huo kwa mto, kanga au blanketi lililokunjwa. Vitu hivyo husogea usiku na kumfunika mtoto uso. Kwa kitanda cha aina hiyo ni afadhali utengeneze kitanda cha mtoto chenye pande nne ndefu, kisimame peke yake mahali mkono wako unapofika. Utainuka kumnyonyesha, lakini mtoto yuko salama.

Kama vinagusana vizuri, vifunge. Pitisha mikanda miwili imara chini ya godoro lako, mmoja upande wa kichwa na mwingine upande wa miguu, uikaze kwenye ubavu wa ng'ambo. Chaga iliyolegea haifai kufungiwa. Kisha kisukume kitanda cha mtoto kwa goti, kwa nguvu. Kidole kikipenya kati yake na godoro lako, fungua ukaze upya.

Kwa anayetengenezesha, Nyanda za Juu Kusini mbao hazina shida; paina ya shamba la miti la Sao Hill inapatikana Mafinga, Iringa hadi Mbeya. Shida ni kuuziwa mbao ya paa. Mbao zenye dawa, zile zenye rangi ya kijani kijani, zimetiwa kemikali za kuzuia mchwa na hazifai kabisa kwa kitanda ambacho mtoto atakigusa na kukilamba. Omba mbao isiyo na dawa na iliyokauka. Mbao mbichi utaijua kwa uzito wake na ubaridi wake mkononi. Ikikauka ndani ya nyumba hujikunja, misumari inalegea na fito zinaachana. Ndiyo maana viungo vikuu vifungwe kwa bolti na nati, ambazo unaweza kuzikaza tena.

Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Ikizidi, mwili wa mtoto unaweza kupita na kichwa kikabaki. Nguzo za kona zisichomoze juu, kwa kuwa nguo hunasa hapo. Piga msasa hadi kiganja kipite bila kukwaruzwa, chagua vanishi au rangi isiyo na madini ya risasi, na uache ikauke mpaka harufu iishe. Kipindi cha mvua, Desemba hadi Aprili, ukaukaji huchukua muda, kwa hiyo mpe fundi kazi mimba ikiwa na miezi sita au saba.

Anayenunua mtumba afungue na kukunja kitanda mbele ya muuzaji, asikie kila kufuli likibana. Skrubu ikikosekana au wavu ukiwa umechanika, kiache hapo hapo. Viache pia vitanda vikubwa ambavyo upande mmoja hupanda na kushuka kwenye reli: Marekani ilivipiga marufuku mwaka 2011 kwa sababu upande huo ulikuwa ukichomoka na kuwanasa watoto, wengine hadi kufa.

Godoro liwe gumu na bapa. Likandamize kwa kiganja. Alama ibonyee kidogo na irudi mara moja. Lijae kitandani kiasi kwamba vidole viwili havipiti pembeni. Juu yake weka shuka moja la pamba lenye lastiki, na chini ya shuka mpira uliovutwa ukakaza. Basi. Mto, midoli na vitambaa vya kuzungushia fito vibaki nje, hata kama vimeletwa zawadi. Mtoto alazwe chali kila mara, mchana na usiku.

Baridi ndiyo inayowafanya watu wavunje kanuni hii ya shuka moja tu, hasa Juni na Julai Njombe, Makete na Mbeya. Mablanketi matatu juu ya kichanga ni hatari. Yanaweza kumfunika pua au kumpandisha joto kupita kiasi. Mvalishe fulana, ovaroli na soksi, kisha mfuko wa kulalia ambao fundi cherehani anaweza kuushona kwa kitambaa cha blanketi: uwe na matundu ya shingo na mikono, usiwe na kofia, na shingo imkae sawasawa asizame ndani. Shika kifua au kisogo chake kujua kama ana joto. Viganja vya kichanga huwa baridi hata akiwa sawa. Chupa ya maji ya moto inaweza kupasha kitanda, ila iondolewe kabla hujamlaza. Jiko la mkaa lisiingie chumbani kabisa, hata likiwa limebaki makaa tu: kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inaua familia nzima ikiwa usingizini.

Mtoto njiti au mwenye uzito chini ya kilo 2.5 ana utaratibu wake. Huyo joto lake ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, saa nyingi kila siku. Mwulize muuguzi lini anaweza kulala peke yake.

Kyela, ambako joto na mbu ni vingi, chandarua kifunike vitanda vyote viwili. Cha futi 6 kwa 6 mara nyingi hakitoshi. Tafuta kipana zaidi, na kisilegee kikamwangukia mtoto.

Kaza bolti na mikanda kila wiki. Mtoto akianza kubiringika au kujiinua kwa mikono na magoti, kwa kawaida kati ya miezi 4 na 6, mhamishie siku hiyo hiyo kwenye kitanda chenye pande nne ndefu, maana ukingo wa sentimita 12 hautamzuia tena.