Kuanzisha ujifunzaji mseto katika chuo cha kijeshi: hatua nilizopitia

Juzi nimemaliza kumsaidia mkufunzi mwenzangu kuanza ujifunzaji mseto, yaani kuhamishia nadharia ya somo lake la lojistiki kwenye kompyuta, ili vipindi vya darasani vibaki kwa ramani, mjadala na mazoezi ya kufanya uamuzi. Maswali aliyoniuliza ni yaleyale yaliyonihangaisha mimi nilipoanza, kwa hiyo nayaandika hapa kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Pata saa kwenye ratiba

Kabla hujagusa kompyuta, nenda ofisi ya mafunzo. Kadeti hana jioni ya kujisomea kama mwanafunzi wa chuo cha kiraia. Ana gwaride, michezo, usafi wa bweni na zamu za lindo, na taa zinazimwa kwa saa yake. Ukirundika video na maswali juu ya vipindi vilevile vya zamani, atayafanya kwa kuiba usingizi au hatayafanya kabisa. Kwa somo la vipindi vinne kwa wiki, mimi hupendelea viwili vya darasani, kimoja cha maabara ya kompyuta, na kimoja cha akiba kwa ajili ya wiki za mazoezi ya medani. Hakikisha kipindi cha maabara kimeandikwa kwenye ratiba yenye saini ya mkuu wa mafunzo. Makubaliano ya mdomo hayadumu: gwaride likihitaji watu, saa yako ndiyo ya kwanza kuchukuliwa.

Hatua ya 2: Tenganisha maudhui kwa kiwango cha usiri

Kaa na afisa usalama, mpitie mada moja baada ya nyingine. Historia ya vita, uongozi, lugha na sheria za kivita kwa kawaida hazina tatizo kwenye intaneti. Chochote kinachotaja mbinu za sasa, idadi ya askari au hali ya vifaa kibaki kwenye mtandao wa ndani wa chuo. Angalieni pia mada zikiwa pamoja, kwa sababu vipande vitano visivyo na siri vikikaa ukurasa mmoja vinaweza kuzaa siri. Picha zifutiwe taarifa za mahali zilipopigiwa. Asiyeona uzito wa jambo hili akumbuke Januari 2018, ilipogundulika kwamba ramani ya mazoezi ya Strava, programu ya simu ya kurekodi mbio, ilikuwa inaonyesha njia wanazokimbilia wanajeshi ndani ya kambi zao.

Hatua ya 3: Weka Moodle

Ni programu huria ya kuendeshea masomo kwenye kompyuta, ipo tangu 2002, na inakaa kwenye seva yako mwenyewe bila kutegemea intaneti. Kwa chuo cha kijeshi sioni sababu ya kuhangaika na nyingine.

Hatua ya 4: Ingiza orodha ya kadeti

Hapa nilipoteza siku mbili nzima, kwa hiyo nenda polepole.

Orodha hupakiwa kama faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, na jina la kuingilia linalofaa ni namba ya utumishi. Namba zetu nyingi zilianza na sifuri. Faili la CSV ukilifungua kwa kubofya mara mbili, Excel huichukua 004512 kama hesabu na kuibakiza 4512. Ukihifadhi, sifuri zimekwenda. Hata kama jana uliiweka safu ile kuwa maandishi, ukilifungua tena leo kwa njia ileile zinapotea upya, kwa kuwa CSV haitunzi aina ya safu.

Mimi nilipakia orodha ya kwanza ikiwa na sifuri, kisha wiki iliyofuata nikapakia iliyorekebishwa, bila sifuri. Moodle ikawaona kuwa watu wapya. Kadeti mmoja akawa na akaunti mbili, jaribio la kwanza huku, la pili kule. Moodle yenyewe haina kitufe cha kuunganisha akaunti, hivyo alama nilizihamisha kwa mkono.

Tumia LibreOffice Calc, programu ya majedwali kama Excel. Ukifungua CSV inakuuliza kwanza: chagua safu ya namba, iweke kuwa maandishi, na usimbaji, yaani namna ya kuhifadhi herufi, uwe UTF-8. Kisha pakia majina matatu tu, uangalie onyesho la awali herufi kwa herufi. Usichague kamwe lile chaguo la kuongeza tarakimu mwishoni jina likijirudia. Linaficha kosa badala ya kulionyesha. Kila kadeti awe na anwani yake ya barua pepe, maana katika mpangilio wa kawaida Moodle hukataa anwani moja kwa watu wawili. Kombania na platuni ziweke kwenye safu ya kundi mapema.

Hatua ya 5: Anza na somo moja

Somo moja, mkufunzi mmoja anayelitaka, muhula mmoja.

Hatua ya 6: Soma kumbukumbu za kuingia

Ifikapo wiki ya tatu, fungua kumbukumbu za somo. Kwa asiyeingia, tazama kwanza orodha ya lindo kabla ya kumwandikia adhabu. Halafu angalia saa. Wengi wakiwa wanaingia baada ya taa kuzimwa, kipindi chako cha maabara kimeshachukuliwa na shughuli nyingine. Chapisha kumbukumbu hizo, chukua na ile ratiba yenye saini, urudi ofisi ya mafunzo.